Jina la Mafabi kwenye Karatasi ya Meli

Mwezi uliopita nilileta vijana wawili wapake rangi mashine yangu ya tatu ya kusaga unga, hapa eneo la viwanda la Mbale. Walipofungua debe la ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, harufu yake ikanivamia. Nikaketi juu ya gunia la mahindi. Kijana mmoja akaweka brashi chini. "Maama, wewe nagonjwa?" Nikamwambia apake rangi, udaktari awaachie wenyewe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, niko Jinja, na baba yangu alikuwa ameingia mlangoni.

Baba alikuwa mpaka rangi wa meli. Si wa nyumba, si wa mabango. Meli. Pale gatini Jinja walimning'iniza kwa kamba mbili juu ya kibao, ubavuni mwa meli, akakwangua kutu, akapaka nyekundu, ikikauka akapaka nyeupe juu yake. Miaka kumi na minne aliyapa maji mgongo, uso kwenye chuma. Alizijua meli zile matumbo yake na mishono yake, lakini hata siku moja hakuwahi kusafiri ndani ya moja. Ikishakauka rangi, meli iliondoka na yeye akabaki na kopo.

Mimi sikusoma sana. Darasa la nne niliacha, na nyumba yangu ya Malukhu, hapa mjini, niliijenga kwa unga, si kwa cheti. Kiswahili sikukipata shuleni. Baba alikuwa Mgisu wa Nakaloke, Mama alikuwa Mluo wa Ugenya, na hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani tukasema Kiswahili, kabla askari waliotwaa serikali hawajakifanya kiwe kitu cha kumtia mtu baridi tumboni. Mambo ya mwaka ule ninayo yote, na wenzangu mliokuwa watoto katika miaka ile mtanisahihisha nikidanganya.

Kazini kwa Baba kulikuwa na haki moja: mfanyakazi aliyetimiza miaka yake angeweza kuomba karatasi ya kupanda meli bure na familia yake, kwenda na kurudi. Wengi waliitumia kwenda kuzika. Baba aliileta nyumbani akaiweka mezani, katikati ya sahani.

"Tunakwenda Kisumu," akasema. "Likizo ya Desemba."

"Kisumu kuna nani?" Mama akauliza.

"Hakuna mtu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Tunapanda, tunakula, tunalala, tunafika. Tunatazama. Tunapanda tena, tunarudi. Siku nne."

Mama aliweka kijiko chini. "Baba Mafabi, kwa hiyo tunakwenda ili turudi."

"Ndiyo."

"Kazi ya huko ni nini?"

"Kazi hakuna! Ndiyo maana nataka."

Nyumbani tulikuwa watoto watatu. Kaka yangu Mafabi alikuwa na miaka kumi na saba na sauti ya kuazima, leo nene kesho nyembamba. Dada yangu Khainza alikuwa na kumi na mitano na alijua kila kitu. Mimi nilikuwa kitindamimba, natumwa chumvi. Karatasi ilisema watoto wawe chini ya miaka kumi na minane, na Mafabi angeitimiza mwaka unaofuata. Baba alieleza jambo hilo mara moja tu, polepole, akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Ni Desemba hii au basi. Na ni wote watano. Mmoja akibaki, karatasi nairudisha ofisini."

Mngedhani vijana wale wangeruka kwa furaha. Mafabi alisema ana mambo yake. Khainza alitaka kujua kama melini kuna kioo cha kujitazama mtu mzima mzima, na kama rafiki yake angeweza kuandikwa kuwa ni pacha wake. Alipoambiwa hapana, akasema basi naye hajui kama atakuwa na nafasi.

"Nafasi?" Mama akasema. "Unakwenda wapi Desemba, bungeni?"

"Hata bunge halipo, Mama."

"Shh!" Baba akatazama dirisha. Miaka hiyo dirisha lilikuwa na masikio.

Basi tangu hapo, kila Jumapili tukitoka kanisani, tulipanga. Baba alichora meli kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaonyesha kila mtu atakaa wapi: Mama upande usio na jua, Khainza mbali na mabaharia, mimi karibu na ukuta nisianguke majini, Mafabi ubavuni pake. Walibishana juu ya chakula. Baba alitaka kula cha meli, mezani, kwa uma. Mama alisema hali kitu alichopikiwa na mwanaume asiyemjua mama yake, atabeba kapu lake. Walibishana juu ya gauni la Khainza, kwa sababu askari walikuwa wakipima magoti ya wasichana barabarani. Mama akafumua upindo wa gauni lile mara tatu, na kila Jumapili Khainza alikuwa amelipandisha tena kidogo. Jirani zetu hawakuamini neno hata moja. Wakati ule mtu akiondoka na nyumba nzima, ndiyo amekimbia. Mmoja alikuja kumnong'oneza Mama kwamba kitanda chetu, kwa kuwa haturudi, asimpe mtu mwingine.

Mambo ya Mafabi yalikuwa yapi? Ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu, na zamu yake ilikuwa imefika. Agosti tulikwenda Nakaloke kwa Babu. Mafabi alicheza siku tatu, njuga mapajani, mwili umepakwa unga wa kimea, akizunguka kwa jamaa kuwaambia kwamba yuko tayari. Asubuhi ya kisu alisimama uani, fimbo mabegani, macho kwenye Mlima Elgon kana kwamba kuna mtu anamwita kule. Mama walimkalisha ndani chini, Shangazi amemshika mabega, kwa sababu mama wa kijana hatazami. Mimi nilipenya kati ya miguu ya watu. Mafabi hakupepesa jicho. Filimbi ikalia, watu wakapaza kelele, na Baba, mtu asiyecheza hata harusini, akacheza mpaka kofia ikamwanguka.

Nilirudi ndani mbio nimwambie Mama. Nikamkuta analia, na Shangazi anamfuta uso akisema, "Nyamaza sasa, wifi. Huyo si wako tena. Ametoka mikononi mwako, ni mwanaume." Halafu siku zile za kumfundisha mambo ya ukubwa, nikasikia wazee wakimwambia asiingie tena chumba cha mama yake, asilale chini ya paa la baba yake, ajijengee kibanda chake.

Nyinyi watu wazima mnacheka, lakini nipeni hesabu ya mtoto wa miaka tisa. Nilimwona kaka yangu amekatwa kwa kisu mbele ya watu. Nikasikia kwa masikio yangu kwamba si wetu tena. Nikaelewa hivyo hivyo: kwamba kazi ya kisu kile ni kumtenganisha kijana na nyumba yake, wanamkata atoke, na furaha yote ile ilikuwa ya kumuaga. Nilimwona Baba akicheza, nikamwona mkatili.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani nini? Tulirudi Jinja, Mafabi akaja baadaye akiwa amepona, akajengewa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Nikasema, basi ndiyo hivyo, ameanza kutolewa polepole.

Oktoba Baba alipeleka karatasi ofisini ipigwe muhuri. Karani wa pale aliitwa Wepukhulu, Mgisu kama sisi, mtu wa tai na mafuta ya nywele. Baba alinichukua nimbebee mwavuli. Karani aliisoma karatasi kwa kidole: mfanyakazi, mke, watoto. Alipofika kwa Mafabi akasimama.

"Fundi," akasema, "huyu Mafabi ndiye wa Nakaloke? Yule wa Agosti?"

"Ndiye," Baba akajibu, kifua mbele.

"Nilikuwepo. Nilimwona kwa macho haya." Akachukua kalamu nyekundu akalipiga jina la Mafabi mstari. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Hapa pameandikwa watoto. Mimi Mgisu, nimemwona mtu amesimama kwa kisu, halafu nimwandike mtoto? Mkono huu utakauka, Fundi. Na wewe mwenyewe utamwambiaje?"

"Ana miaka kumi na saba! Karatasi inataka miaka!"

"Karatasi ni ya wazungu. Haikuwa Nakaloke. Mimi nilikuwa Nakaloke."

Baba alipiga meza. Hakuna neno aliloacha kusema, mengine sikuwa nimewahi kuyasikia. Karani alifunga kifuniko cha kalamu. Mimi nilitazama ule mstari mwekundu juu ya jina la kaka yangu, na moyo wangu ukasema: umeona? Hata serikali imeandika.

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu Mafabi alikuwa upande wa karani.

"Amefanya vizuri," akasema. "Mimi siandikwi mtoto. Wagisu wamejaa gatini pale, wataisoma. Nitapita wapi tena?"

"Utapita melini!" Baba akafoka. "Mama Mafabi, mwambie mtoto wako."

Mama alikuwa akichambua mboga. "Mimi kwetu hakuna kisu," akasema. "Kwetu mtu mzima ni mwenye mke na ng'ombe. Mafabi, una mke?"

"Hapana, Mama."

"Ng'ombe?"

"Mama, tafadhali."

"Basi panda meli."

Hakukubali. Mwezi mzima nyumba ilinuna. Baba hakuchora tena siku za Jumapili. Alikuwa akitoka kazini anakaa mlangoni na ile karatasi, anaikunjua, anaikunja, mpaka ikaanza kulainika kwenye mikunjo kama kitambaa. Siku moja Khainza aliipokonya akaisoma mpaka chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupasoma.

"Kuna mstari mwingine hapa," akasema. "Boi."

Kumbe wazungu walikuwa wakisafiri na mfanyakazi wao wa nyumbani, na mstari ule ulibaki pale, hakuna aliyekumbuka kuufuta. Baba alimtazama Mafabi. Mafabi alitazama chini, akafikiri, na nikamwona anatabasamu kidogo.

"Boi ni mwanaume," akasema. "Anafanya kazi. Afadhali boi."

"Utabeba mizigo," Khainza akasema, macho yanang'aa. "Yote. Na utaniita madamu."

"Nitakutupa ziwani, madamu."

Karani Wepukhulu hakusumbua. Alisema boi anaweza kumwandika, dhamiri yake haina neno. Akaandika, akapiga muhuri. Baba alirudi nyumbani anapiga mluzi. Wakacheka wote, isipokuwa mimi.

Kwa sababu sasa nilikuwa nimeelewa mpaka mwisho. Ndiko wanakokwenda. Kijana akikatwa anatolewa kwao, akitolewa kwao anakwenda kufagia kwa watu. Nilianza kuwatazama maboi wote wa Jinja, wale wa nyumba kubwa za ng'ambo ya mto walizotwaa askari, wakipiga pasi vibarazani, nikajiuliza kila mmoja ni kaka ya nani. Nilimuuliza Mama kama Mafabi atakuja kututembelea Krismasi. Mama akasema, "Si tutakuwa naye?" nikaona ananificha. Nikawa ninaficha nusu ya muhogo wangu chini ya mkeka wake kule kibandani, ili akienda kwa watu asiende na njaa. Khainza alipokuwa akimfundisha kusema "ndiyo, madamu," wakicheka hadi wanashikana, mimi niliingia chini ya meza nikaziba masikio.

Desemba ikafika. Siku ya safari Baba alivaa suti ya harusi yake, ikafunga kifungo kimoja tu. Mama alikuwa na kapu la kuku watatu wa kuchemsha, maboga, na malewa, yale machipukizi makavu ya mianzi ambayo alikuwa hayapendi lakini alitaka Baba aone amekubali. Mafabi alibeba kapu kichwani na masanduku mawili mkononi, shati bila kola. Khainza alitembea mbele yake, mikono mitupu, kama mke wa gavana.

Gatini walikuwa wameweka meza chini ya bati, na nyuma ya meza aliketi sajini. Alikuwa mtu mpana, kofia ndogo nyeupe ya Kiislamu imechungulia chini ya ile ya jeshi, na alikuwa anamenya yai la kuchemsha polepole, maganda anayaweka juu ya karatasi za watu. Askari wawili walisimama ubavuni mwake. Nyuma yao meli, nyeupe, kazi ya Baba, imejaa jua la saa tisa.

"Nakwenda wapi?" sajini akauliza.

"Kisumu, afande," Baba akasema.

"Kufanya nini?"

"Kutembea, afande."

Sajini aliacha yai. "Nani nakufa kule?"

"Hakuna, afande."

"Harusi?"

"Hapana."

"Magendo?"

"Hapana, afande. Mimi ndiyo napaka hii meli rangi. Miaka kumi na nne. Nataka watoto yangu naona ndani."

Sajini aligeuka akaitazama meli, akamgeukia Baba tena. "Mtu nabeba nyumba mzima, bibi, watoto, kuku, nasema natembea. Hiyo si kutembea. Hiyo kukimbia."

Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walirudi hatua moja. Nilisikia viatu vyao. Kidole cha sajini kilipita juu ya karatasi, kikafika chini.

"Na hii iko na kapu?"

"Boi yetu, afande," Khainza akasema haraka mno. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo mwezi mzima.

Sajini akainuka. Akamshika Baba kidevu, akakigeuza upande mmoja, upande wa pili. Akamshika Mafabi vivyo hivyo. "Fundi," akasema, "boi yako iko na pua yako."

Askari wakaanza kucheka.

"Na masikio! Tazama! Maama, wewe najua habari ya hii pua?"

Mama yangu hakuwa mtu wa kurudi nyuma. "Najua, afande," akasema. "Nilikuwepo."

Hata foleni ilicheka. Lakini sajini hakucheka, na kicheko kikafa kimoja kimoja mpaka ikabaki sauti ya maji tu yakipiga nguzo. "Basi hii mtoto yako," akamwambia Baba. "Na karatasi nasema boi. Wewe nadanganya serikali." Askari mmoja akasogea akamshika Baba mkono juu ya kiwiko. Mwaka ule, wenzangu, sina haja ya kuwaeleza mkono wa namna ile ulikuwa na maana gani. Nilimwona Baba anaitazama meli, si askari.

Sajini akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. Alinuka yai na sabuni nzuri. "Wewe kadogo. Usidanganye mimi. Hii nani?"

Sikudanganya. Nilisema nilichokijua.

"Alikuwa kaka yangu. Saa hii ni boi."

"Alikuwa?"

Ndipo ikatoka yote, pamoja na kamasi. "Walimkata Nakaloke na hakulia, akawa mwanaume, Shangazi akasema si wetu tena, karani akampiga kalamu nyekundu, na sasa anapelekwa kwa watu kufagia. Mimi nataka arudi. Afande, mrudishe. Nakuomba."

Mama alisema "Woi!" na kuziba mdomo. Ndiyo kwanza walikuwa wanasikia nilichokibeba tangu Agosti. Nilimwona Mafabi anashusha kapu, anaweka masanduku, anachuchumaa, ananitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu kichafu alichokanyaga bila kujua. Akasimama.

"Afande," akasema, na siku ile sauti yake haikuyumba. "Kosa ni langu. Baba aliandika mimi mtoto, mimi nikakataa. Andika mtoto. Baba aachiliwe."

Nyuma kwenye foleni Mgisu mmoja akafyonya kwa nguvu, watu wote wakasikia. Mafabi alisikia pia. Shingo ilimjaa mishipa, lakini hakugeuka. "Andika mtoto," akarudia.

Nawaambia mimi niliyeziona zote mbili: asubuhi ile ya Nakaloke ilikuwa rahisi kuliko hii.

Sajini akaliokota yai lake. "Nani nasema hii kijana si ya watu yake?" akauliza.

"Karani," nikasema mimi.

"Leta."

Wakamleta Wepukhulu kutoka ofisini, tai imepinda, jasho limechanganyika na mafuta ya nywele. Sajini akamwonyesha Mafabi kwa yai.

"Wewe nafuta hii?"

"Afande, ni desturi yetu. Akishatahiriwa si mtoto tena, na hapa pameandikwa—"

"Mimi nakatwa siku saba," sajini akasema. "Siku saba tu, jina na kisu pamoja. Basi mimi si mtoto ya mama yangu toka siku saba? Nani nanyonyesha mimi? Wewe?"

Karani akanyoosha tai yake.

"Hii mwanaume?"

"Mwanaume kabisa, afande. Nilimwona."

"Ya hawa watu?"

"Ya hawa, afande."

"Andika hivyo."

"Afande, mstari wa hivyo hakuna. Kuna mke, kuna watoto, kuna boi—"

"Chora mstari."

Karani alipapasa mifuko kutafuta rula, hakuna. Akachukua kibiriti cha askari, akakilaza juu ya karatasi kati ya "mke" na "watoto", akachora mstari kwa ukingo wake, ukanyooka. Akaandika, na Baba, ambaye kusoma kulimpa taabu, akaisoma kwa sauti mpaka foleni nzima ikasikia: "Mwanaume wa nyumba, mmoja. Mafabi." Yule aliyefyonya hakufyonya tena. Bibi mmoja wa Kigisu akapiga vigelegele, na mwingine akamwitikia.

"Tano nakwenda," sajini akamwambia Baba akimsukumia karatasi na maganda yake. "Siku ya nne mimi iko hapa. Tano narudi. Nikihesabu nne..." Akala yai lake.

Siku ya nne tulirudi watano, na alikuwa pale, na alihesabu kwa kidole. Lakini kabla ya hapo tulisafiri, na sitaki mtu aniambie habari za ndege. Baba alipanda ngazi ile wa mwisho, akihakikisha kila mmoja wetu ametangulia. Aligusa kila ukuta. Kisiwa cha kwanza kilipotupita aliketi kwenye benchi, kwa mara ya kwanza uso wake ukielekea majini, akafungua kile kifungo kimoja cha suti kilichokuwa kimevumilia, na akacheka peke yake. Mafabi aliketi ubavuni pake. Mimi nilikaa juu ya viatu vya Mafabi, nimemshika suruali, na sikuachia mpaka Mama alipoapa mara mbili kwamba hakuna anayempeleka kaka yangu kokote.

Jioni tulikula mezani, kitambaa cheupe, uma na visu. Mtumishi wa meli alipoona Mama anatoa kuku wake kwenye kapu alianza kukataza, Mama akamjibu kwa Kijaluo maneno matatu, naye akaenda mwenyewe kuleta sahani. Sasa, kwa ukoo wa Baba, wakati ule mwanamke hakula kuku. Mama alimpika, mimi na Khainza tulimnyonyoa, na walaji walikuwa Baba na Mafabi. Firigisi ndiyo kabisa, hiyo ilikuwa ya mkubwa wa nyumba, na mtoto wa kike hata kuitazama sana ilikuwa utovu wa adabu. Baba aliichukua kwa uma wake, akaiweka kwenye sahani ya Mafabi. Mafabi akaitazama, macho yanaangaza.

Kisha akachukua kisu cha meli akaikata katikati, na nusu moja akaiweka mbele yangu.

"Mafabi!" Mama akasema.

"Anayejua kusema na afande," Mafabi akasema, "anaweza kula firigisi."

"Na mimi madamu?" Khainza akauliza.

"Wewe kula maboga."

Tulimtazama Baba. Baba aliinua macho akaikagua dari ya chumba kile cha kulia, polepole, kona kwa kona, kama mtu anayetafuta mahali rangi ilipoachwa. Alikawia sana kule juu. Nikaichukua. Ilikuwa ngumu, ya kutafuna muda mrefu, na niliitafuna nimekaa wima, ili watu wa meza zote waone.